Msitugawe kwa Miaka: Barua ya Wazi kwa Wanaogawa Kumbi na Ruzuku za Sanaa za Ridhaa

Waheshimiwa,

Mimi ni katibu wa kwaya ya ridhaa, na kabla ya ukatibu ni mwimbaji wa sauti ya pili. Nilianza nikiwa na miaka 19. Sasa nina 46. Hakuna anayetulipa. Tunakutana baada ya kazi, tunaimba saa mbili, tunafunga mlango na kurudi majumbani. Wenzetu wa namna hii ni wengi: wa maigizo, wa ngoma, wa matarumbeta, wanaochora jioni, wanaobeba kamera siku za mapumziko. Barua hii ni yangu peke yangu, lakini nadhani wengi wao watajiona humu.

Mpango wenu mpya unasema kwamba kuanzia msimu ujao fedha za sanaa za ridhaa zitagawanywa mafungu mawili. Moja ni la vijana wa miaka 15 hadi 25, la pili ni la wazee kuanzia miaka 60. Kikundi kinachoomba kichague fungu moja. Ukumbi wa jioni utakuwa wa vijana, wa asubuhi utakuwa wa wazee. Sababu mliyoitoa ni kwamba ladha za vizazi zimeachana mno, hivyo afadhali kila kizazi kihudumiwe kivyake. Nimeusoma mpango huo mara 3. Naamini walioandika wana nia njema, maana tatizo wanalolitaja lipo: vikundi vinazeeka, vijana wanakuja na kuondoka, na waliobaki hawaelewani kila mara. Ninachokipinga ni dawa mliyoiandika.

Nianze na jambo ambalo fomu zenu hazina pa kuliandika. Nilipojiunga na kwaya sikujua hata "do". Nilikalishwa kando ya bibi mmoja aliyekuwa amevuka miaka 60. Yeye nyimbo alikuwa nazo kichwani, kwa hiyo kidole chake alikiweka kwenye kitabu changu, kikafuata mstari wa solfa, yaani noti zilizoandikwa kwa herufi, silabi kwa silabi, jioni baada ya jioni. Nikipotea hakunikemea. Alipandisha sauti yake kidogo tu, upande wa sikio langu, mpaka nikairudia njia, kisha akaishusha tena ili nisimtegemee. Mwaka wa tatu nilijikuta namfanyia hivyo hivyo msichana aliyekaa kushoto kwangu. Sikuwahi kufundishwa kwamba hiyo ni mbinu. Niliipokea kwa kukaa pale.

Kwa mpango wenu, yule bibi angekuwa wa asubuhi na mimi wa jioni. Tusingekutana kamwe.

Tunaposema vizazi vinatofautiana, huwa tunafunga mambo matatu katika furushi moja. La kwanza ni umri wenyewe: mwili, macho, majukumu ya nyumbani, muda unaobaki baada ya kazi. Haya humpata kila anayeishi muda wa kutosha, awe alizaliwa lini. La pili ni kizazi kwa maana yake hasa, yaani watu waliokumbwa na mambo yaleyale wakiwa bado vijana na wakabaki na alama yake mpaka uzeeni. Mwanasosholojia Karl Mannheim aliandika juu ya hili mwaka 1928, akasisitiza kwamba kuzaliwa mwaka mmoja hakutoshi kuwafanya watu kuwa kizazi kimoja. Lazima wawe wameishi jambo pamoja. La tatu ni kipindi: jambo linalotupiga wote kwa wakati mmoja, ingawa halitupigi kwa uzito mmoja.

Ukiyachanganya haya matatu unampa mgonjwa dawa ya jirani yake. Mfano ninao. Machi 2020, korona ilipoanza kuenea, kwaya moja katika jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Waliohudhuria walikuwa 61. Waliougua, kwa kuthibitishwa au kwa dalili, walifika 53, na wawili walifariki. Nusu ya waimbaji wale walikuwa na umri wa miaka 69 au zaidi. Habari ile ilizifikia kwaya za dunia nzima, na yetu pia. Tulipofunguliwa tena, vijana walirudi ndani ya wiki chache. Wazee wetu walikaa nje karibu miaka miwili, wengine wakituomba tufungue madirisha ili wasikilize wakiwa wamekaa kwenye viti uani. Mtu aliyehesabu waimbaji wetu mwaka 2021 angeandika kwamba wazee wamechoka kuimba. Walikuwa wanaogopa kufa, na walikuwa na haki ya kuogopa.

Kuhusu ladha, ambayo mpango wenu umeifanya msingi, kuna ushahidi mngeweza kuutazama. Nchini Marekani, taasisi ya serikali inayogharamia sanaa imekuwa ikiwauliza watu wazima kuhusu ushiriki wao tangu 1982. Mwaka 2011 ilichapisha uchambuzi wa takwimu hizo hadi 2008, na ikaonekana kwamba umri na mwaka wa kuzaliwa vinaeleza sehemu ndogo sana ya tofauti kati ya anayefika kwenye sanaa na asiyefika. Elimu ilieleza zaidi. Uchambuzi huo ulihusu zaidi watazamaji kuliko watendaji kama sisi, na hiyo ni nchi moja. Hata hivyo ungepaswa kumsimamisha kidogo mtu anayetaka kugawa fedha zote kwa tarehe za kuzaliwa.

Turudi kwenye sauti, kwa sababu hapo ndipo mpango wenu unavunjika kabla hata hatujafika kwenye fedha. Mvulana anapobalehe zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, hukua, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti yake hushuka kiasi cha oktavu nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini yake. Katika miezi ya mpito sauti hiyo haimtii. Leo anafika juu, kesho inakatika katikati ya neno. Wengi huacha kuimba wakati huo huo, wakidhani wameharibikiwa, na kama hakuna mwanamume mzima karibu wa kuwaambia kwamba naye alipitia hayo hayo, hawarudi. Sauti ya msichana nayo hushuka, ila kidogo. Besi nzito huchelewa kukomaa, aghalabu mpaka mtu awe mzima kabisa. Mwanamke akishavuka ukomo wa hedhi sauti yake mara nyingi hupoteza noti za juu na kupata uzito chini, na aliyekuwa nguzo ya sauti ya kwanza huhamia ya pili, pengine kwa machozi. Nimemshuhudia mmoja akiaga mstari wake kama anayeaga nyumba. Kwa wanaume wazee mara nyingi huwa kinyume: nyuzi hukonda na sauti hupanda kidogo.

Sasa nipeni kwaya ya watu wa miaka 15 hadi 25 peke yao. Nitapata soprano, yaani sauti ya kwanza, za kumwaga na besi za kutafuta kwa tochi. Nipeni ya waliovuka 60 peke yao, nami nitashusha kila wimbo ufunguo mmoja au miwili ili mtu asiumie. Muziki wa sauti nne unahitaji miili ya umri mbalimbali kama nyumba inavyohitaji mawe ya kila ukubwa. Watu wa maigizo watawaambia jambo hilo hilo kwa njia yao: tamthilia nyingi zina mzazi, mtoto na mzee mmoja anayejua siri, na kikundi cha rika moja hulazimika kumpaka kijana wa miaka 20 unga kichwani. Watazamaji wanavumilia, ila mwigizaji mwenyewe anajua kwamba hatembei kama mzee.

Namna ya kujifunza ndipo tofauti ya vizazi ilipo hasa, na sitaificha. Wazee wetu walilelewa kwenye solfa ya herufi. Mfumo huo ulianzishwa na Sarah Glover nchini Uingereza, John Curwen akauendeleza na kuueneza katika karne ya 19, na lengo lilikuwa watu wa kawaida waweze kusoma muziki bila kupitia noti za mistari mitano. Mpe mzee wa besi karatasi ya solfa asiyoiona kabla, atakohoa mara moja kisha ataiimba. Vijana wetu wengi hawaijui. Wao wana sikio na wana simu. Mwalimu wa kwaya akirekodi kila sauti peke yake na kuituma kwenye kundi la WhatsApp Jumatatu, Alhamisi wanafika wameshaumeza wimbo mzima.

Mwanzoni hili lilituletea ugomvi mkubwa. Mzee mmoja wa besi alisema mbele ya wote kwamba huko si kuimba, ni kukariri. Kijana mmoja akajibu kwamba karatasi haina sauti. Kwa majuma kadhaa walikaa pande mbili za chumba, na mimi kama katibu nilidhani tumegawanyika. Kilichotuokoa ni makosa. Mwalimu alirekodi sauti ya tatu akiwa amechoka, akakosea noti moja kwenye ubeti wa pili, na vijana wote wa sauti ya tatu wakalijifunza kosa lile kwa uaminifu kamili. Wimbo ukawa unakwaruza mahali pale pale, na hakuna aliyejua kwa nini. Yule mzee ndiye aliyenyanyua karatasi yake, akapiga kidole kwenye herufi moja na kusema, "Hapa ni fa, ninyi mnaimba mi." Kijana yule yule aliyejibizana naye alimwomba amwoneshe namna ya kusoma. Anasoma sasa, polepole.

Deni lile lililipwa mwaka huo huo. Lenzi ya jicho huanza kukakamaa mtu akivuka miaka 40 au karibu na hapo, na kufikia 70 hata miwani haiokoi nakala iliyotolewa kwenye nakala ya nakala. Bibi wawili wa sauti ya pili walikuwa wameanza kukosa mazoezi wakisingizia safari. Ukweli ni kwamba walikuwa hawaoni tena karatasi na walikuwa na aibu. Msichana mmoja akagundua, akawawekea rekodi za sauti kwenye simu zao na kuwafundisha kuzirudisha nyuma. Walirudi wote wawili. Mmoja bado yuko nasi, ana miaka 83, na hakosi.

Waheshimiwa, kama wale vijana wangekuwa na ukumbi wao na wazee nao wa kwao, kosa la fa na mi lingekaa pale pale milele, na wale bibi wangebaki nyumbani.

Nisiwapake vijana mafuta. Wapo wanaotaka jukwaa bila mazoezi, wanaotokea wiki ya onesho wakiwa na sare iliyopigwa pasi. Inakera. Lakini makosa makubwa zaidi yalikuwa yetu sisi tulioshika kamati. Katiba yetu ilikuwa na kifungu kwamba mtu hawezi kugombea uongozi kabla ya miaka 5 ya uanachama. Kwa mtu wa miaka 60, miaka 5 ni kama misimu mitano. Kwa mtu wa miaka 20 ni robo ya maisha yake, na katika muda huo atamaliza masomo, atahama, ataanza kazi. Kwa kifungu kile tulikuwa tunawaambia vijana kwamba mlango wa maamuzi haupo. Alikuwapo kijana aliyetutungia mpangilio wa sauti nne, kazi nzuri, akaukabidhi kwenye kamati. Ulikaa kwenye droo misimu mitatu. Kila kikao tulisema tutautazama. Aliondoka kimya, hakuna aliyemfukuza, na leo mipangilio yake inaimbwa na wenzake mtandaoni. Kifungu tumekifuta. Yeye hajarudi.

Kabla hamjasema kwamba vijana wameacha sanaa, tazameni wanachofanya vyumbani mwao. Mwaka 2010 Eric Whitacre, mtunzi wa Marekani, alikusanya video za waimbaji 185 kutoka nchi 12, kila mmoja akiwa amejirekodi peke yake nyumbani, zikaunganishwa kuwa kwaya moja. Mwaka 2020 mradi wake wa namna hiyo uliwakusanya waimbaji 17,572 kutoka nchi 129. Wengi wao walikuwa watu wa ridhaa kama sisi. Fomu yenu ya ruzuku inauliza idadi ya mahudhurio ukumbini, na kwa swali hilo hakuna hata mmoja wa watu hao ambaye angehesabiwa. Msichana anayetunga wimbo kwenye simu yake usiku na kuusikilizisha marafiki ni mshiriki wa sanaa za ridhaa kwa kila maana ya neno hilo. Mhesabuni.

Ila lipo jambo ambalo kurekodi peke yako hakuwezi kukupa, nami nalisema kwa kuwa nimefanya yote mawili. Ukijirekodi, anayekusikia hayupo. Hakuna wa kupandisha sauti yake upande wa sikio lako. Unaimba, unatuma, na marekebisho anafanya mtu mwingine kwa mashine. Vijana wetu wenyewe ndio walioniambia hivyo baada ya miezi ya kuimba kwenye skrini, wakati wazee walipokuwa bado wanaogopa kurudi. Walikuwa wanawakosa. Sikutegemea kusikia neno hilo kutoka kwao, na nilipolisikia niliona haya kwa yote niliyokuwa nimewadhania.

Sasa nifike kwenye kundi ambalo mpango wenu hautaji kabisa. Vijana wenu wanaishia miaka 25 na wazee wenu wanaanza 60. Kati ya hapo kuna miaka 34 ya maisha ya mtu. Mimi mwenyewe nimo humo, na humo ndimo kikundi kinapokufa.

Nilipokuwa na miaka 29 niliacha kwaya. Sikugombana na mtu, wala ladha yangu haikubadilika. Nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na mwingine njiani, baba yangu alikuwa anaumwa, na mazoezi yalianza saa ambayo mtoto analishwa na kulazwa. Wiki ya kwanza nilikosa, nikaomba radhi. Wiki ya tano sikuomba radhi tena kwa sababu niliona aibu. Nilikaa nje miaka 6. Nilikuwa nikiimba jikoni, sauti ya pili peke yake, bila zile tatu nyingine. Mtu asiyeimba kwaya hawezi kujua upweke wa kuimba sauti ya pili peke yako. Nilirudi kwa sababu mwenzangu mmoja wa sauti ya tatu alinipigia na kusema, "Njoo nao. Watakaa nyuma na karatasi za kuchorea." Sentensi hiyo moja ndiyo iliyonirudisha. Watoto walichora, wakalala juu ya makoti, wakaamka wakiwa wanajua nyimbo. Mkubwa sasa anaimba sauti ya kwanza.

Ukitazama vikundi vingi vya ridhaa utaona umbo hili: vijana kadhaa mwisho mmoja, wazee wengi mwisho wa pili, na katikati shimo. Mnaliita pengo la vizazi na kulieleza kwa ladha. Mimi naliona ni mahali walipokuwa wamekaa watu wa miaka 30 na 40 kabla hawajabanwa na kulea pande mbili, watoto chini na wazazi juu. Watu hao ndio wanaoweza kumtafsiria kijana maneno ya mzee na mzee maneno ya kijana, kwa kuwa nyumbani wanaishi na wote wawili. Wakiondoka, pande mbili zilizobaki zinatazamana kama wageni. Kisha unakuja mpango unaosema: kwa kuwa ni wageni, tuwajengee ukuta.

Kuhusu wazee nina ombi moja la pekee. Mpango wenu unawataja chini ya kichwa cha "ustawi", pamoja na afya. Kweli afya inapatikana humo. Utafiti ulioongozwa na daktari Gene Cohen wa Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2006, uliwafuatilia watu waliovuka miaka 65, na waliokuwa wakiimba kwaya kila wiki walikwenda kwa daktari mara chache zaidi, walitumia dawa chache zaidi na walianguka mara chache kuliko wenzao wasioimba. Nimefurahi kwa ajili yao. Lakini bibi wa miaka 83 haji Alhamisi ili asianguke. Anakuja kwa sababu kuna kipande katika ubeti wa tatu ambacho sauti ya pili inabaki wazi peke yake, na anakitaka kitoke sawa. Wazee pia wana haki ya kuanza upya. Mwaka 1991 Roy Ernst alianzisha huko Rochester, New York, bendi ya watu waliovuka miaka 50, wakiwemo ambao hawajawahi kushika ala, na mfano wake umeenea mbali. Waandikeni chini ya kichwa cha sanaa.

Mtaniuliza kama kuna mahali ambapo vizazi vimewahi kuwekwa pamoja kwa mpango, si kwa bahati. Estonia wana tamasha la nyimbo lililoanza mwaka 1869. Mwanzoni waliimba wanaume tu. Kwaya za mchanganyiko ziliingia mwaka 1891. Siku hizi waimbaji huzidi elfu 30, karibu wote wa ridhaa, na wapo kwa aina: kwaya za watoto, za wavulana, za wanawake, za wanaume, za mchanganyiko. Tangu 1962 kuna pia tamasha la vijana peke yao. Kwa hiyo hawakufuta makundi ya umri. Ila kwenye tamasha kuu wote hao hupanda jukwaa moja, na zipo nyimbo ambazo kila mmoja, mtoto na babu, lazima awe amezijua kabla hajafika. UNESCO iliyaingiza matamasha ya nyimbo na ngoma ya Estonia, Latvia na Lithuania katika orodha yake ya urithi mwaka 2008. Ninachokipenda pale ni kwamba vijana wana chumba chao, na bado nyumba ni moja.

Sitaki basi mlazimishe kila kikundi kichanganye umri. Vijana wanahitaji mahali pa kukosea bila kutazamwa na mama zao, na wazee wanahitaji mahali pa kwenda mwendo wao. Kikundi cha rika moja kikitaka kuwa hivyo, kiwe. Ninachoomba ni kwamba kuwa wa rika moja kusiwe sharti la kupata fedha. Wekeni fungu moja. Kama mnataka kupima kwa umri, mpeni alama ya ziada yule anayeonesha kwamba watu wa umri tofauti wanafundishana kazi, na mje mtazame kwa macho badala ya kusoma ripoti. Ukumbi wa jioni msiufunge kwa wazee wala wa asubuhi kwa vijana. Tupeni chumba cha pembeni ambamo watoto wa waimbaji wanaweza kukaa wakionekana. Badilisheni taa, zile mbili za dari zinamfukuza mtu mwenye macho ya miaka 70 kuliko wimbo wowote wa kisasa. Kwenye fomu ongezeni nafasi ya kazi zinazofanyika nje ya ukumbi, na nafasi ya wanaoshiriki kwa msimu mmoja tu, maana kijana wa leo na mama wa mtoto mchanga wote wawili wanaweza kuahidi miezi mitatu lakini hawawezi kuahidi miaka mitatu. Sisi nasi tutaendelea kuzichokonoa katiba zetu. Hilo ni letu.

Ibara ya 27 ya Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inasema kila mtu ana haki ya kushiriki kwa uhuru katika maisha ya utamaduni ya jamii yake. Ibara hiyo haina umri wa kuanzia wala wa kuishia.

Fomu yetu ya maombi imo ndani ya bahasha hii, pamoja na nakala ya katiba yenye kile kifungu kilichofutwa. Tumejaza kila kipengele isipokuwa cha 4, kinachotutaka tuweke alama kwenye "vijana" au "wazee". Pale tumeandika kwa mkono: wanachama 38, miaka 11 hadi 83, tunafanya mazoezi chumba kimoja. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo mwandiko umebanana kidogo. Aliyeandika ni yule mzee wa besi, na kijana alimshikia karatasi.

Wenu katika sanaa,

Katibu, sauti ya pili